Mbu Hamjui Mwenyeji

Msiba wa shangazi ulinirudisha kijijini kwetu, nje kidogo ya Bukoba, mkoani Kagera, baada ya miaka 9 ya kuishi Arusha. Tulifika jioni, tukapokewa kwa vilio, na giza lilipoingia wanaume tukakaa nje kuuzunguka moto tukingoja mazishi ya kesho yake. Nilivaa suruali nyepesi na kandambili. Kila baada ya muda niliinama kujipiga kofi kwenye vifundo vya miguu.

Baba mdogo aliniona, akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, wewe ni wa hapa hapa. Mbu wa kwenu hawakufanyi kitu."

"Sawa, baba mdogo," nikamjibu, na moyoni nilikubaliana naye. Nilizaliwa pale. Utotoni niliugua malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nilipona. Tulikesha hivyo usiku wa kwanza na wa pili.

Siku ya 11 baada ya usiku ule wa kwanza, nikiwa nimesharudi Arusha, homa ilinishika kazini mchana. Zahanati niliyokimbilia iliniandikia dawa za taifodi. Hawakuniuliza nimetoka wapi, nami sikusema. Siku mbili baadaye nilikuwa siwezi kusimama bila kushikwa, na mke wangu ndiye aliyemwambia daktari mwingine: "Huyu ametoka msibani Bukoba." Tone moja la damu kutoka ncha ya kidole likawekwa kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki. Tukasubiri dakika 15. Mistari miwili: malaria.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja, na ndilo linalobeba makala haya yote: anayeingia kwenye hatari kubwa zaidi ya malaria safarini mara nyingi ni mtu anayerudi kwao. Mtalii huja na hofu yake, dawa yake na chandarua chake. Mwenyeji anayerudi huja na imani kwamba mwili wake bado unakumbuka. Ili kuelewa kwa nini imani hiyo inaua, lazima tukifuate kimelea, tuisome ramani, kisha tuutazame usiku wenyewe saa kwa saa.

Kimelea nacho kina safari yake

Neno malaria lilitoka Italia na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa kwa karne nyingi watu waliamini ugonjwa huu unaletwa na mvuke wa mabwawa. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, alikiona kimelea ndani ya damu ya mgonjwa. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad huko India, Ronald Ross alikiona kikikua kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka uliofuata Waitalia wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi walithibitisha kwamba mbu anayempa binadamu malaria ni wa jamii ya Anofelesi.

Anayeuma ni jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Akimnyonya mtu mwenye vimelea, vimelea hivyo huingia tumboni mwake, lakini hawezi kuambukiza siku hiyo hiyo. Katika joto la kwetu vinahitaji siku 10 hadi 14 hivi kukua na kufika kwenye tezi za mate. Panapokuwa na baridi, chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea hatari zaidi, Plasmodium falciparum, hakikui kabisa. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Kwa hiyo mbu wa kuogopwa ni yule aliyeishi muda mrefu, na hapo ndipo ilipo nguvu ya chandarua chenye dawa: kinamkinga aliyelala ndani, na kinafupisha maisha ya mbu anayekigusa kabla hajafika kitandani kwa jirani.

Mbu mzee akikuuma, vimelea huingia na mate yake, na ndani ya muda mfupi huwa vimejificha kwenye ini. Hukaa humo takriban wiki moja vikiongezeka kwa maelfu bila wewe kuhisi lolote. Kisha humwagika kwenye damu, huingia kwenye chembe nyekundu, huzipasua, na kuingia nyingine, mzunguko wa saa 48 hivi. Hapo ndipo homa, baridi ya kutetemeka, kichwa na maumivu ya viungo huanza.

Hesabu hii ina maana kubwa kwa msafiri. Homa ya falciparum haiji usiku ulioumwa wala kesho yake. Kwa kawaida huja kati ya siku ya 7 na ya 30, yaani wakati msafiri amesharudi kazini, amefua nguo za safari na ameanza kusahau. Na ikishaanza haina subira: isipotibiwa, inaweza kugeuka malaria kali ndani ya saa 24.

Ramani hubadilika njiani

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 duniani kulikuwa na wagonjwa milioni 263 wa malaria na vifo 597,000, na vifo 95 kati ya kila 100 vilikuwa Afrika. Takwimu hizo humfanya mtu afikiri Afrika nzima ni bwawa moja la mbu. Sivyo. Malaria ni ugonjwa wa mahali, na ndani ya nchi moja tofauti ni kubwa kiasi cha kumgeuza raia kuwa mgeni.

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulipima watoto wa chini ya miaka 5 na kukuta asilimia 8 wana vimelea. Huo ni wastani tu. Tabora ilikuwa asilimia 23, Mtwara 20, Kagera 18. Arusha na Kilimanjaro hazikufika hata asilimia 1. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Moshi, akipelekwa Tabora kumwona bibi wakati wa likizo, anaingia kwenye malaria akiwa hana kinga yoyote, sawa na mtoto aliyeshuka kwenye ndege kutoka Ulaya. Tofauti ni kwamba huyu wa Ulaya wazazi wake wameshaonana na daktari.

Kenya ni vivyo hivyo. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 6 ya watoto wana vimelea kitaifa, lakini ukanda wa Ziwa Victoria ulikuwa na asilimia 19. Nairobi iko juu sana na ina baridi, hivyo maambukizi ya mjini ni machache. Desemba inapofika, mabasi hujaa watu wanaoteremka Kisumu, Siaya na Busia kula sikukuu nyumbani, na kila basi hubeba watoto wa mjini ambao damu yao haijawahi kukutana na kimelea.

Zanzibar inaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Kwa zaidi ya miaka 10 maambukizi visiwani yamekuwa chini ya asilimia 1, matunda ya vyandarua, upuliziaji dawa majumbani na ufuatiliaji wa mgonjwa mmoja mmoja hadi mlangoni kwake. Lakini boti huvuka kila siku, na sehemu kubwa ya wanaokutwa na vimelea wametoka kusafiri bara. Msafiri anayerudi kisiwani na vimelea anaugua mwenyewe, na mbu wa nyumbani kwake akimnyonya, majirani wanaingia kwenye mstari. Kujikinga safarini ni kumkinga pia aliyebaki nyumbani.

Zamani ungeweza kujipa moyo kwamba katikati ya mji mkubwa uko salama zaidi. Hilo nalo limeanza kulegea. Anopheles stephensi, mbu wa kutoka Asia anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya maji ya mijini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, akafuata Ethiopia, na mwaka 2022 akapatikana Marsabit, Kenya.

Mwili husahau

Baba mdogo hakusema uongo kuhusu utoto wangu. Mtu anayekulia penye malaria nyingi na kuumwa mwaka baada ya mwaka hujenga kinga ya kiasi. Haimzuii kuambukizwa, lakini humpunguzia ukali, hata mtu mzima wa kijijini anaweza kuwa na vimelea na akaenda shambani. Wanaokufa zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa kinga hiyo bado hawajaipata, na ni ya gharama: hulipwa kwa homa nyingi, na wapo wanaolipa kwa uhai.

Kinga hiyo hudumu kwa kukumbushwa. Ukihama ukaishi miaka mahali pasipo malaria, inapungua pole pole, na hakuna dalili ya kukuambia imefikia wapi. Mjamzito hupungukiwa zaidi, kwani kimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na kumdhuru yeye na mtoto. Watoto waliozaliwa ugenini hawakuwahi kuwa nayo. Kurithi jina la ukoo hakurithishi kinga ya damu. Hata chembe za seli mundu, ambazo mwenye kurithi kutoka kwa mzazi mmoja hupata nafuu fulani dhidi ya malaria kali, hazimfanyi mtu asiambukizwe, na aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili yuko hatarini zaidi akiugua.

Uingereza mwaka 2023 ilisajili wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria, wote wameipata nje ya nchi. Kila mwaka wengi wao ni watu waliokwenda kuwaona ndugu na jamaa, hasa Afrika, na wengi hawakuwa wametumia dawa ya kinga. Sababu zao tunazijua kwa sababu ni zetu. Safari ya kwetu mara nyingi ni ya ghafla: simu ya msiba inaingia usiku, tiketi inakatwa asubuhi. Fedha huishia kwenye nauli na zawadi. Tunakaa wiki nne ambapo mtalii anakaa siku kumi. Tunalala kwa bibi, kwenye nyumba ambayo kati ya ukuta na paa pana mwanya, na mbu hupenda kuingilia hapo. Zaidi ya yote, kutoa chandarua kwenye sanduku mbele ya wenyeji huonekana kama majivuno, kana kwamba umewadharau.

Aibu hiyo inatugharimu. Mwenyeji anayekupenda hawezi kudharauliwa na chandarua. Akipewa nafasi ya kuchagua, atachagua kukuona mzima.

Saa za mbu, usiku wa msafiri

Mbu wa malaria wa kwetu, Anopheles gambiae, Anopheles funestus na ndugu zao, huuma usiku. Huanza giza linapoingia na kuzidi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Anayekuuma saa nne asubuhi ofisini Dar es Salaam ana uwezekano mkubwa wa kuwa Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, aliyeleta mlipuko wa homa ya dengue jijini humo mwaka 2014 na tena 2019. Naye ni wa kujikinga, lakini hatoi malaria. Basi msafiri ajiulize swali jepesi: kati ya magharibi na alfajiri nitakuwa wapi, na ngozi yangu itakuwa imefunikwa na nini?

Kipande cha kwanza cha usiku ni kukaa nje: kwenye baraza, kwenye moto wa msibani, stendi ukingoja basi. Tangu mabasi ya Tanzania yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wengi hushuka saa tisa usiku na kujikalisha kwenye benchi hadi kupambazuke, saa zile zile mbu wanapokuwa na njaa zaidi. Hapa chandarua hakisaidii. Kinachosaidia ni nguo na dawa ya kujipaka.

Mtu akiwa ameketi, Anopheles gambiae huelekea zaidi chini ya magoti, kwenye vifundo na nyayo. Mtafiti Mholanzi Bart Knols alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba huvutwa na harufu ya miguu ya binadamu. Nikikumbuka kandambili zangu za msibani, naona nilimwandalia sahani. Soksi na viatu vya kufunika, suruali ndefu, kitenge au khanga iliyoteremshwa hadi chini, mikono mirefu: hivi ni vitu vya bei nafuu, na msibani hakuna atakayeviona kuwa vigeni. Nguo na soksi zilizotiwa permethrini huongeza kinga, ila dawa hiyo ni ya nguo na haipakwi mwilini.

Ngozi inayobaki wazi ipakwe dawa ya kufukuza mbu. Soma kibandiko. Tafuta yenye DEET ya asilimia 20 hadi 50, au pikaridini. Wingi wa DEET huongeza muda ambao dawa itafanya kazi, kwa hiyo mkeshaji wa usiku kucha anahitaji yenye asilimia kubwa au arudie kujipaka. Usiisahau miguu. Ukiwa unatumia mafuta ya kuzuia jua, hayo yatangulie na dawa ya mbu ije juu yake. Mtoto apakwe na mtu mzima, isifike machoni, mdomoni wala viganjani, na wachanga chini ya miezi 2 wasipakwe kabisa. Wao wakingwe kwa chandarua.

Kipande cha pili ni kulala. Nikifika gesti siku hizi, nafanya kazi hii kabla ya kufungua begi. Nafunga dirisha au nakagua wavu wake. Nakishusha chandarua kikiwa bado ni mchana, nakishika juu na kukielekeza kwenye mwanga, nikitafuta matundu. Tundu dogo nalifunga fundo kwa uzi. Naangalia kama kinafika chini ya godoro pande zote nne, maana kilichotundikwa kwa ajili ya kitanda kidogo kikaletwa kwenye kikubwa huacha upande wazi. Nakichomeka chini ya godoro, naingia, nachomeka tena nilikoingilia, na namulika kwa tochi kuhakikisha sikumfungia mbu ndani pamoja nami. Nalala katikati, kwa kuwa mkono ukigusa neti mbu huuma akiwa nje. Feni ikiwepo naiwasha, kwa sababu upepo humyumbisha mbu na kuitawanya harufu ya mwili.

Vyandarua navyo havilingani. Vile vya kawaida vina dawa ya jamii ya pairethroidi, na mbu wa maeneo mengi wameizoea. Utafiti uliofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, na kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya pili, klofenapaira, kulipunguza visa vya malaria kwa watoto kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka 2, vikilinganishwa na vile vya kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo vya dawa mbili vitumike. Ukipata nafasi ya kuchagua, ulizia cha aina hiyo. Ukikosa, cha kawaida kisicho na tundu bado ni ukuta.

Kuna vitu tunavyoambiana ambavyo havifai kutegemewa: kula vitunguu saumu, kumeza vitamini, programu za simu zinazodaiwa kutoa mlio wa kufukuza mbu. Dawa ya mbu ya kuchoma hupunguza usumbufu barazani, lakini haichukui nafasi ya chandarua. Nasema hivi kwa sababu mtu anayeamini kitunguu ndiye anayeacha neti sandukuni.

Vidonge kabla ya homa

Anayetoka mahali pasipo malaria aongeze ukuta wa pili, dawa ya kinga anayoandikiwa na daktari. Zinazotumika zaidi ni tatu. Atovakuoni pamoja na proguanili humezwa kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya kuingia hadi siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini pia ni ya kila siku na huanza siku 1 au 2 kabla, lakini huendelea wiki 4 baada ya kurudi. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 8 hawapewi. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, huanza wiki 2 au zaidi kabla, huendelea baada ya kurudi, na haimfai mwenye historia ya kifafa au maradhi ya akili.

Angalia hapo kwamba mbili za kwanza zinamfaa hata aliyepigiwa simu ya msiba leo na anasafiri kesho. Angalia pia kwamba zote tatu zinaendelea baada ya safari. Wengi huacha kumeza wakishatua nyumbani, na hapo ndipo vimelea vilivyokuwa vinajificha hujitokeza bila kukuta ulinzi. Klorokwini ambayo wazazi wetu waliitegemea isirudishwe kwa mazoea: falciparum ya Afrika Mashariki iliishinda, na Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza mwaka 2001.

Chanjo mbili zilizopendekezwa miaka ya karibuni, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, ni za watoto wanaoishi penye malaria. Msafiri mtu mzima hana chanjo ya kuitegemea. Naye anayetoka Arusha kwenda Kagera, au Nairobi kwenda Siaya, amuulize daktari wake kama amwandikie kinga, hasa akiwa na mimba, mtoto mdogo au mgonjwa wa seli mundu. Kutovuka mpaka hakumwondoi kwenye orodha ya wasafiri.

Umetoka wapi?

Kinga zote hizi zikijumlishwa hupunguza hatari sana, lakini haziifuti. Kwa hiyo ulinzi wa mwisho ni kumbukumbu. Homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya kuingia penye malaria, na hasa ndani ya miezi 3 ya kurudi, ihesabiwe kuwa malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo. Aina nyingine za vimelea, kama vivax na ovale, zinaweza kulala kwenye ini na kuamka miezi mingi baadaye, kwa hiyo itaje safari hata ikiwa na mwaka.

Pima kwanza, kisha tibu. Dawa mseto ya artemisinini inayotumika sasa inaponya vizuri ikianzwa mapema na kumalizwa, lakini vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na hapo hapo kwetu Kagera. Kila kidonge kinachomezwa kwa kubahatisha, na kila dozi inayokatwa katikati, inavipa vimelea hivyo nafasi zaidi.

Lugha yetu imetupa tayari chombo tunachokihitaji. Mtu akifika, kabla hajaketi, tunamsalimu: habari za safari, habari za huko utokako? Salamu hiyo naitaka iingie chumba cha daktari, Arusha, Nairobi, London na Muscat, iwe swali la kwanza kwa kila mwenye homa. Na pale isipoulizwa, mgonjwa aijibu hata hivyo: nimetoka Bukoba, nilikesha nje usiku mara mbili, leo ni siku ya 11. Maneno hayo machache yangeniondolea siku mbili za kutetemeka.

Nilirudi kijijini mwaka uliofuata, nikiwa na vyandarua viwili kwenye begi. Jioni ya kwanza nilivaa soksi, nikajipaka dawa, nikampa baba mdogo naye ajipake. Aliinusa, akaipaka miguuni polepole, kisha akaniomba chandarua kimoja cha mjukuu wake.

"Kumbe hawakujui tena," akasema.

"Hawakuwahi kunijua, baba mdogo."

Tukakifunga pamoja juu ya kitanda cha mtoto, yeye akishika kamba, mimi nikichomeka chini ya godoro.